Taa Iliyotaka Udhu

Harufu ya vanishi ikinifikia popote duniani, hata kwenye korido ya hoteli ya watu wazito, miguu yangu hurudi yenyewe barazani kwetu Gongoni, kwenye vumbi la mbao za mninga. Mwezi uliopita ilinifikia mahali nisipoitarajia kabisa. Ilikuwa kwenye swichi ya umeme, ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Nyumba hii ya Itetemia nimeijenga kwa jasho langu, baada ya miaka mingi ya kufunga nyaya Dar es Salaam na nchi za watu, na sijaona sababu ya kulisema hilo kwa sauti ndogo. Sebuleni nimeweka swichi ya kugusa, ile isiyo na kitufe. Ina bamba dogo la shaba. Ukiligusa taa inawaka kwa mbali, ukiendelea kulishika mwanga unapanda taratibu mpaka pale unapotaka. Wageni wanaipenda sana, nami napenda kuwaona wakiipenda. Siku moja ikagoma. Nikaita mafundi wawili, vijana wenye mkoba mzuri kuliko wangu wa zamani, wakaipima, wakatikisa vichwa, wakaniambia, "Mama, hii dima imekufa. Agiza nyingine Dar." Stashahada yangu ya umeme ilikuwa imetundikwa ukutani, hatua mbili kutoka walipokuwa wamesimama, na hakuna aliyeisoma.

Niliwaomba wasogee. Nikapeleka pua kwenye bamba, nikacheka peke yangu. Wiki iliyotangulia mpaka rangi alikuwa amepitisha vanishi kwenye fremu za milango, na brashi yake ilikuwa imeteleza ikapita juu ya swichi. Nilizima umeme kwenye mita, nikachukua kipande cha msasa, nikasugua kidogo, nikafuta, nikawasha. Taa ikaitika. Vijana wakaniuliza nimejuaje. Nikawaambia sikujifunza chuoni. Nilijifunza nikiwa darasa la sita, kwa taa iliyotaka udhu. Walidhani mama mtu mzima anawatania. Lakini ninyi wa rika langu, mnaokumbuka zama ambazo globu moja ilifungwa kwenye kitambaa na kuhifadhiwa kama dhahabu, mtanielewa.

Baba yangu alikuwa seremala, kama baba yake na babu yake, ambaye alifika Tabora na misafara akitengeneza masanduku ya wapagazi na akakataa kuendelea na safari. Karakana yetu ilikuwa baraza ya mbele. Baba alikuwa na mapenzi mawili nje ya familia, mbao ya mninga na vanishi. Kilichokuwa cha mti nyumbani kwetu kilipakwa vanishi. Mbuzi ya kukunia nazi ilipakwa, mpini wa jembe ulipakwa, hata kibao ambacho Mama alisukumia chapati kilipakwa mara moja, tukala chapati zenye ladha ya karakana kwa wiki nzima. Mama alisema ipo siku ataamka akute amepakwa yeye. Baba akamjibu kwamba yeye hana haja, anang'aa tayari, na Mama akaenda jikoni akiutabasamia ukuta ili asionekane.

Taa ililetwa na mjomba wangu, kaka yake Mama, aliyekuwa amepelekwa ng'ambo kusomea mambo ya reli. Alirudi na suti moja, vitabu vingi, na taa ya mezani yenye kitako cha shaba, mviringo kama kibuyu. Haikuwa na swichi. Uligusa kitako ikawaka kidogo, ukagusa tena ikaongeza, mara ya tatu ikawa mchana, mara ya nne ikazima. Mtaa mzima ulikuja kuigusa. Siku hizo sabuni ilikuwa ya kupanga foleni kwenye duka la ushirika, sukari ilikuwa ya kusikia kwa jirani, lakini sisi tulikuwa na taa inayojua kidole cha mtu. Mjomba alikaa siku nne, akapanda treni kwenda kazini Kigoma, akatuachia taa na maelekezo mafupi kwamba tuiguse kwa upole.

Niliipenda taa ile kuliko viatu vyangu. Ndiyo niliyosomea, na nilikuwa msomaji hasa. Wa kwanza darasani mihula miwili mfululizo, wavulana wakiwemo.

Kiangazi kilipoingia, na vumbi la Tabora likaanza kukaa juu ya kila kitu, taa ikagoma. Mama aligusa, haikuwaka. Mimi nikagusa, Baba akagusa, kimya. Tulikuwa tumeizunguka kama ndugu waliomzunguka mgonjwa, alipoingia Bibi, mama yake Baba, akitoka uani kutawadha kwa ajili ya Magharibi. Miguu yake mitupu iliacha alama za maji kwenye saruji. Aliuliza kuna nini, na kabla hajajibiwa akaweka kiganja kizima juu ya kitako, kwa namna unavyompima mtoto homa. Taa ikawaka.

Bibi aliondoa mkono, akaenda kuswali. Mama ndiye aliyesema, kwa sauti ya chini sana, "Ana udhu."

Neno lile lilitosha. Kesho yake jioni Bibi alitoka tena kutawadha, akaigusa, ikawaka. Sisi tulipogusa, haikuwaka. Habari zilitoka nje kabla ya uji wa asubuhi, na watu wakaanza kuja, safari hii si kuishangaa taa bali kujipima. Wachache waliotawadha kwenye birika letu na kuingia moja kwa moja walifaulu, wakatoka wamenyoosha shingo. Lakini Bi Tunu, aliyewafundisha nusu ya wanawake wa mtaa kusoma Kurani, alitawadha kwake, akatembea juani mpaka kwetu, akasimama kwenye mkeka, akanyoosha kidole kimoja. Taa ikamkatalia mbele ya wanafunzi wake sita. Alisema kifaa ni kibovu, akaondoka bila kunywa kahawa.

Hapo lazima niseme ukweli wangu. Mimi niliamini kuliko wote, kwa sababu nilikuwa na siri. Asubuhi za kipupwe maji ya mtungi yalikuwa yakikata kama wembe, na kwa majuma mengi nilikuwa nikilowesha tu sehemu zinazoonekana: uso, ncha za vidole, na nywele chache za mbele. Niliona wazi kwamba taa imenigundua. Nikaanza kutawadha kwa bidii ambayo haijapata kuonekana, mpaka Mama akalalamika kwamba namaliza maji. Kisha nilijikausha vizuri kwa gauni, ili nisidondoshee matone daftari, nikanyoosha kidole. Ikakataa. Nikahesabu kwamba madeni yangu ya nyuma bado hayajaisha.

Lakini mtu aliyepata shida kubwa ni Baba. Alikuwa msafi kwa desturi ya kazi yake. Hakugusa mbao kwa mkono wenye maji, kwa hiyo kila alipotawadha alijifuta kwa taulo mpaka kati ya vidole. Na mikono yenyewe ilikuwa na sugu nene kama ngozi ya ngoma. Alikuwa akiisogelea taa baada ya kila swala, akigusa kwa ncha ya kidole, na kila mara taa ilimnyamazia. Baada ya siku chache akaacha kugusa. Alikuwa akimsubiri Bibi kama mgeni anayesubiri mwenye nyumba.

Jambo hilo lingebaki la kuchekesha kama si mimbari. Mimbari ya zamani ya msikiti wa mtaani kwetu ilikuwa imeliwa na mchwa, na wazee walikuwa wakitafuta seremala wa kutengeneza mpya. Babu yake Baba aliisikia kazi ile ikipewa mtu mwingine, na baba yake pia. Mara hii mafundi waliobaki kwenye mazungumzo walikuwa wawili tu, Baba na fundi mmoja wa upande wa stesheni. Kwa Baba haikuwa kazi kama kazi nyingine. Alikwisha kutenga ubao wa mninga chini ya kitanda chake, akiutoa jioni kuupapasa na kuurudisha. Ndipo ikaletwa habari kwamba Mzee Mfaume, mwenyekiti wa wazee wa msikiti, atakuja Ijumaa baada ya Alasiri kuzungumza naye. Aliyeleta habari akaongeza kwamba Mzee amesikia juu ya taa, na angependa kuiona.

Baba hakula usiku huo. Mama alimwambia aipeleke taa kwa jirani mpaka wageni waondoke. Akajibu kwamba mtu hawezi kuficha shahidi. Sikuelewa. Jumatano akafunga vipande vinne vya mbao kwenye baiskeli, akachukua randa na nyundo, akaenda upande wa Kipalapala bila kusema anakwenda kwa nani. Alirudi jua likizama, amechoka, uso umetulia kidogo. Mimi nilidhani amekwenda kutafuta dawa ya taa.

Alhamisi asubuhi akaja Mzee Petro. Huyu alikuwa Mgogo aliyefuata reli akiwa kijana, akaoa, akabaki Kipalapala akilima mboga jirani na seminari. Alituuzia mchicha, na kwa kuwa watu wake na watu wetu ni watani tangu siku za misafara, hakuingia kwetu bila kudai ushuru wa kupita.

"Hodi. Hongo iko wapi?"

"Hongo yote walikula babu zako," Bibi akamjibu kutoka kwenye mkeka. "Wewe pita bure."

Alivua katambuga zake mlangoni, akatua gunia. Mchicha ulikuwa unatiririka maji, maana aliunyunyizia kila alipopita bomba ili usinyauke. Akatuambia amekuja pia kumshukuru Baba. Jana Baba alimfuata nyumbani kwake kwa baiskeli, akang'oa miguu yote minne ya kitanda cha harusi alichomtengenezea binti wa Mzee Petro, akaweka mipya. "Sikumwomba," alisema. "Miguu ilikuwa mizima, inang'aa. Ananiambia ilikuwa na ufa. Nimeitazama, ufa siuoni. Huyu mwanao anaumwa?"

Bibi akasema pengine ni uzee unaanza mapema. Mzee Petro akageukia meza.

"Ndiyo hiyo inayowachagua watu? Ngoja tuone kama Mgogo inamjua."

"Itakuumbua, Petro."

Akaweka kiganja juu ya kitako, na jani la mchicha likiwa bado limemganda kwenye kidole gumba. Taa ikawaka, tena kwa haraka kuliko ilivyomwakia mtu yeyote mtaani.

Kisha Bibi akasema, bila kutabasamu hata kidogo, "Petro, umesilimu lini mbona hukutualika?"

"Leo hii, Bi Mkubwa. Kwa mchicha."

Walicheka mpaka Bibi akajifuta macho kwa ukingo wa kanga. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesimama pembeni na kitu kinatembea kichwani mwangu, na hadi leo, baada ya mitambo yote niliyoifungua maishani, sijapata tena furaha ya namna ile. Mzee Petro hakuwa na udhu. Mzee Petro alikuwa na maji.

Alipoondoka nilikwenda jikoni, nikachovya kiganja kwenye maji ya kuoshea vyombo, yenye ukoko na mafuta, nikakimbia kukiweka juu ya taa. Ikawaka. Nikajikausha, nikagusa kwa kidole, ikakataa. Kwa hiyo taa ilitaka maji, na haikujali ni maji gani. Lakini mwanzoni, Mjomba alipoileta, ilikuwa ikitii kidole kikavu cha mtoto yeyote. Kitu kilikuwa kimebadilika katikati. Niliinua kitako nikakitazama. Kilikuwa kinang'aa vizuri mno kwa shaba iliyokaa kwenye vumbi lile. Nikakinusa.

Nyumba nzima ilinuka vanishi, ndiyo maana hakuna aliyewahi kuinusa taa. Baba alikuwa ameona shaba ya shemeji yake inaanza kuchujuka, akaifanyia jambo la upendo alilolijua kuliko yote duniani.

Leo naweza kuwaeleza kitaalamu. Mwili wa mtu aliyesimama chini hupitisha kiasi kidogo mno cha umeme, kisichoumiza, na taa ya namna ile hukisubiri hicho tu. Vanishi ni ukuta. Kidole kikavu hakiupenyi. Kiganja kizima chenye maji, hasa juu ya miguu yenye maji, kinaupenya kwa taabu. Lakini siku ile sikuwa na maneno hayo. Nilikuwa na msasa wa Baba na woga. Nilichomoa plagi, nikaigeuza taa, nikasugua upande wa nyuma mahali padogo, ukubwa wa shilingi. Nilipochomeka na kugusa kwa kidole kikavu, ikawaka. Nikazima, nikalielekeza lile doa ukutani, nikaenda kukaa uani kama mtu aliyevunja sahani. Nilikuwa nimekwaruza zawadi ya Mjomba, na nilikuwa sijui namna ya kumwambia fundi kwamba aliyeharibu ni mkono wake.

Ijumaa, baada ya Alasiri, Mzee Mfaume akaja na mwenzake mmoja. Niliwaamkia, wakaitikia, nikapeleka kahawa na kashata. Walizungumza kwanza habari za mvua, kisha habari za mbao. Baba alijibu vizuri, lakini macho yake hayakutulia. Hatimaye Mzee Mfaume akatazama mezani akauliza kama ile ndiyo taa yenyewe, na akamwomba mwenye nyumba awawashie.

Baba aliweka kikombe chini. "Mzee, sitawaficha. Taa hii hainikubali. Kila siku najaribu."

Mwenzake Mzee Mfaume akatazama sakafu. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia. Sijui miguu ilinipelekaje. Najua tu kwamba niliifikia meza, nikaigeuza taa, na nikasikia sauti yangu.

"Baba, gusa hapa."

Alinitazama. Akaliona doa, akaona mikwaruzo ya msasa, na nikajua ameutambua mkono usio na ujuzi. Akanyoosha kidole chake kile kile chenye sugu. Taa ikawaka. Akagusa tena, ikaongeza. Mara ya tatu sebule ikajaa mwanga, na uso wa Baba ukiwa katikati yake.

"Umeifanya nini?" aliuliza.

Nikamwambia yote, kuanzia mchicha wa Mzee Petro mpaka maji ya vyombo, nikimalizia kwa neno vanishi kwa sauti ambayo sidhani wageni waliisikia. Baba aliisikia. Mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye saruji na kushika ubavu. Wazee wakaanza kucheka kwa sababu yeye anacheka.

"Basi miguu ile ya kitanda nimeibadilisha bure," alisema.

Mzee Mfaume akauliza miguu gani.

Nadhani Baba alikuwa na nafasi ya kusema lolote. Kazi ya mimbari ilikuwa pale, kati ya vikombe vya kahawa. Alijifuta machozi ya kicheko, akabaki amekaa pale pale chini, akasema alimuuzia Mzee Petro wa Kipalapala kitanda cha harusi kwa jina la mninga, na miguu ilikuwa ya mtundu, mti wa porini ambao mchwa huuanza kabla hujaumaliza. Akaupaka vanishi mara tatu, usingeweza kuujua. "Taa iliponikataa nikasema, imeniona. Nikaenda kubadilisha. Kumbe ilikuwa vanishi tu."

Hakuna aliyecheka tena. Bibi alikuwa ukumbini, nyuma ya pazia, na sauti yake ikaja taratibu. "Bure wapi, mwanangu. Mchwa hawajui habari za taa."

Mzee Mfaume alikunywa kahawa yake mpaka mwisho, akakigeuza kikombe. "Hiyo mimbari," aliuliza, "utaipaka vanishi?"

Baba alitazama doa dogo lililokuwa linang'aa kwenye taa. "Hapana, Mzee. Nta ya nyuki peke yake. Kila mtu auone mti."

"Basi anza Jumapili."

Walipoondoka nilisubiri kupigwa kwa ajili ya mikwaruzo. Baba akaniita barazani, akanipa msasa laini, akanionyesha namna ya kuzungusha mkono ili shaba isikwaruzike, na tukalimaliza lile doa pamoja. Hakuliongeza ukubwa. Taa ilikaa miaka na miaka ikiwa na vanishi kila mahali isipokuwa pale, na kidole cha kila mtu wa nyumbani kilijua pa kwenda hata gizani. Bi Tunu alikuja, akaigusa, akanywa kahawa vikombe viwili.

Bibi peke yake aliendelea kutumia kiganja kizima. Usiku ule, tukiwa mkekani, aliniuliza ni kwa nini nilikuwa namaliza maji yote ya mtungi siku zile. Nikamwambia siri yangu ya kipupwe. Alinivuta karibu, mikono yake bado ina ubaridi wa udhu, akanipiga kofi dogo la mapenzi begani.

"Sasa unajua taa haikuoni," alisema. "Kesho asubuhi nitaona mimi utalowesha mpaka wapi."

Nililowesha mpaka viwikoni. Na bado nalowesha.